Maswali ya Wasomaji: Mezani kwa Waindonesia

SWALI: Tumealikwa kwenye mgahawa wa muda utakaopika chakula halisi cha Indonesia. Tutajuaje kama ni halisi kweli?

JIBU: Waulizeni wapishi: ni chakula cha upande gani? Mjuzi atataja mahali bila kusita. Rendang, nyama iliyopikwa kwa tui na viungo mpaka ikauke, ni ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi. Gudeg, fenesi changa lililopikwa kwa saa nyingi kwa tui na sukari ya mnazi, ni ya Yogyakarta. Rawon, mchuzi mweusi wa ng'ombe, ni ya Java Mashariki. Vyakula sita vya sehemu moja vinatia moyo kuliko arobaini vya nchi nzima.

Wakiandaa kwa mtindo wa Padang, mji wa Sumatra Magharibi, visahani vitajaa mezani kabla hamjaagiza. Msidhani ni bure: kwao mteja hulipia alichokula, na kisichoguswa hurudi jikoni. Mgahawa wa muda unaweza kuwa na bei moja kwa kila mtu, kwa hiyo ulizeni mapema. Bakuli la maji lenye kipande cha ndimu ni la kunawia vidole.

Sambal, yaani pilipili ya kusaga, ionjeni kwa ncha ya kijiko. Ikiwazidi, kimbilieni wali, si maji. Kiini cha ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, majini hakiyeyuki vizuri. Asiyekula nguruwe awe makini hasa na vyakula vya Bali na Manado. Mwenye mzio wa kamba aulizie terasi, yaani uduvi waliochachushwa: hujificha ndani ya sambal, na mara nyingi hata kwenye mchuzi wa karanga wa gado-gado, ambayo wengi huidhania kuwa ni mboga tupu.

SWALI: Nilipika rendang kwa saa mbili. Tui likakatika, mafuta yakaelea, nikaepua. Nilikosea wapi?

JIBU: Uliepua mapema. Kwenye mchuzi wa kawaida tui kukatika ni aibu ya mpishi, lakini rendang haipatikani bila hilo. Sufuria hupita hatua tatu: gulai, yaani mchuzi mwepesi; kalio, yaani mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, mafuta yakianza kujitenga; kisha rendang, maji yameisha na nyama inakaangika kwa mafuta ya tui lilelile. Wewe uliishia kwenye kalio, ambayo nayo ni tamu, na iko mikahawa inayoiuza kwa jina la rendang.

Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe, kata vipande vya sentimita 4 hadi 5. Vidogo zaidi vitasambaratika. Tumia lita 1.5 za tui zito. Saga pamoja gramu 150 za vitunguu vidogo vyekundu, gramu 150 za pilipili nyekundu, punje 6 za saumu, tangawizi na lengkuas, mzizi wa jamii ya tangawizi. Ongeza mabua 2 ya mchaichai yaliyopondwa na jani bichi la mmea wa manjano.

Pikia karai pana bila kifuniko, maana kifuniko hurudisha maji. Koroga mpaka tui lichemke, kisha punguza moto na utenge muda wa saa 4 za kupika. Saa ya mwisho usibanduke jikoni: masimbi ya tui, yaani mashapo yake, hushika chini, yakiungua uchungu huenea kote. Tui la kopo lenye kemikali za kuzuia kujitenga huchelewa kutoa mafuta. Chagua lenye nazi na maji tu. Chumvi tia mwishoni, mchuzi ukishakauka, la sivyo itazidi.