Namba "iliyochelewa" haikaribii kutoka

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nacheza bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49. Matokeo yote nayaandika kwenye daftari, na sasa namba 13 imepita droo 30 bila kutoka. Kuna jamaa kwenye Telegram anauza programu ya kutafuta namba zilizochelewa, anasema 13 imeiva. Niinunue, au niendelee kuiwekea 13 mwenyewe huku nikiongeza tiketi?

JIBU: Usinunue programu, na usiongeze tiketi hata moja kwa sababu ya hiyo 13. Kazi yangu ni hesabu za uwezekano, na swali hili naletewa kila mara. Hubadilika namba tu.

Kwenye kila droo, 13 ina nafasi 6 kati ya 49 ya kutoka, kama asilimia 12. Namba uliyoitaja mapema kukosa droo 30 mfululizo ni jambo la asilimia 2 hivi. Ni nadra, sawa. Lakini 13 hukuitaja mapema. Ulikagua namba zote 49, ukachukua iliyokaa nje kuliko zote. Asilimia 2 mara 49 ni karibu 1, maana yake siku yoyote utakayofungua daftari ni kawaida kabisa kukuta namba moja ya namna hiyo. Na droo ijayo mipira yote 49 itarudi kwenye mashine, 13 ikiwa na uzito uleule na wenzake. Nafasi yake ni asilimia 12 ileile.

Wengi hukubali hapo, kisha huniambia: "Lakini mwishowe zinasawazika." Kauli hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Zinasawazika kwa asilimia, hazilipani deni. Baada ya maelfu ya droo, pengo la mara chache humezwa na jumla kubwa. Hakuna droo inayokuja kuliziba.

Italia walilipia kosa hili kwa machozi. Namba 53 kwenye droo ya Venice ilikaa karibu miaka 2 bila kutoka, hadi Februari 9, 2005. Kadiri ilivyochelewa ndivyo watu walivyozidisha dau, wakamwaga zaidi ya euro bilioni 3 kwa namba moja. Familia zilifilisika, na vyombo vya habari viliripoti waliojiua. Katika kila droo ya wakati wote huo, 53 ilikuwa na nafasi 1 kati ya 18, kama namba nyingine yoyote. Wanaokimbia namba zilizotoka juzi nao wakumbuke Bulgaria: Septemba 2009 namba zilezile 6 zilitoka katika droo mbili zilizofuatana.

Sasa huyo muuzaji. Njia iliyowahi kumpa mtu namba kabla ya droo ni kuchezea mitambo yenyewe. Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, alipenyeza msimbo wake kwenye kompyuta za kuchezeshea. Namba aliwapa watu wake wa karibu kimyakimya, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo. Mwenye siri ya namna hiyo haitangazi kwenye Telegram kwa bei ya jumla.

Zile picha za tiketi za wateja wake "walioshinda" nazo zina hesabu yake. Katika mchezo wako, tiketi yoyote ina nafasi ya asilimia 1.9 hivi ya kupata namba 3 au zaidi. Akiwatumia watu 1,000 namba za kubahatisha, takriban 19 watapata kitu. Hao ndio anaowapiga picha. Wale wengine 980 hivi hawaonyeshwi, na wengi wao hurudi kulipia "toleo jipya".

Wakishakujua unalipa, namba yako ya simu huuzwa kwa kundi jingine: utapigiwa uambiwe umeshinda droo ya nchi usiyowahi kununua tiketi yake, kisha utume "ada ya kutolea zawadi". Bahati nasibu halali haimdai mshindi atume pesa kwanza ndipo alipwe zawadi yake. Wakikupigia, kata simu, usiwape kitambulisho wala namba ya akaunti.