Kipenu: someni kabla hamjachimba msingi

Wadogo zangu mafundi, masika yakianza vipenu ni vilevile na vinavuja palepale.

1. Muulizeni mwenye nyumba anataka nini hasa. Kipenu kinaegemea ukuta wa nyumba, na paa lake la upande mmoja linaanzia chini ya upenu wa paa kubwa. Kikisimama peke yake ni banda la uani. Kikiachwa wazi watu wakae ni baraza. Kipenu kina kuta tatu, basi msipige hesabu ya tofali za kuta nne.

2. Kimo. Hapa mnanikera kweli. Bati la migongo linataka mteremko wa nyuzi 10 hivi, yaani kila mita 1 paa lishuke karibu sentimita 18. Kipenu chenye upana wa mita 3 kinashuka sentimita 53. Ukianzia upenu wenye kimo cha mita 2.6, ukuta wa nje unabakiwa na mita 2.07. Mlango wa mita 2.1 haukai, achilia mbali linta, ile boriti ya juu ya mlango. Ndipo fundi analaza paa ili apate kimo. Maji yanakawia, upepo unayasukuma ndani ya maungio ya bati, dari inaoza. Jamani, msilaze paa! Shusheni sakafu ngazi moja au mbili, lakini ibaki sentimita 15 juu ya ardhi. Au punguzeni upana uwe mita 2.4. Mlango uwekeni ukuta wa ubavuni, karibu na nyumba, ambako kimo kipo.

3. Msichomekee tofali mpya kwenye ukuta wa zamani. Nyumba imeshatulia, msingi mpya bado utadidimia, na mkizifunga pamoja ukuta utapasuka. Acheni mwanya wa milimita 10 toka chini hadi juu, plasta nayo ikatwe hapo, mzibe kwa silikoni. Mkichimba mkaona upande wa chini wa msingi wa zamani, mmeshapita kiasi.

4. Bati la kipenu liingie sentimita 20 chini ya bati kubwa. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni.

5. Vipenu vingi huishia kuwa jiko. Kama dirisha la chumba cha kulala linafungukia humo, fungueni kwanza dirisha jingine upande wa nje, kisha lile la zamani mlizibe kabisa kwa tofali. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.