Anza na Lotte Lehmann wa miaka ya mwisho

Ukiuliza uanzie wapi na Lotte Lehmann, mwimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike) mzaliwa wa Ujerumani, wengi watakupeleka kwenye opera alizorekodi Ulaya sauti ikiwa bado mbichi. Ushauri wangu ni tofauti: anza na nyimbo za Kijerumani za sauti na piano alizorekodi Marekani akiwa ameshavuka miaka 50.

Alizaliwa Perleberg, Ujerumani, mwaka 1888. Mwaka 1940 na 1941 alirekodi Winterreise ya mtunzi Schubert, nyimbo 24 za kijana aliyeachwa na mpenzi wake, akitangatanga kwenye theluji. Ilizoeleka kuimbwa na wanaume. Paul Ulanowsky alimpigia piano.

Usimhesabie pumzi. Lehmann alivuta hewa mara nyingi, hata katikati ya sentensi, na wakosoaji hawakuacha kulitaja hilo. Mimi nakushauri usikilize ni neno gani linalofuata baada ya pumzi. Mara nyingi ndilo lenye uchungu.

Maneno uyapate kabla ya kusikiliza. Mimi huyachapisha pamoja na tafsiri, nikayasoma kwa sauti, ndipo naweka rekodi. Jaribu hivyo na wimbo wa mwisho wa Winterreise, Der Leiermann. Mzee yuko peku juu ya barafu, anazungusha kinanda chake cha mkono, kisahani chake hakina hata senti. Mkono wa kushoto wa piano unarudia sauti mbili zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mwimbaji hana pa kujificha. Hapo ndipo umri wa Lehmann unapofaa kuliko uzuri wowote wa sauti.

Kisha nenda kwa Dichterliebe, mfululizo wa nyimbo za mtunzi Schumann, rekodi ya 1941. Kwenye piano ni Bruno Walter, yule kondakta.

Onyesho lake la kuaga, ukumbi wa Town Hall, New York, tarehe 16 Februari 1951, liache kwanza. Lilirekodiwa, na watu hulikimbilia kwa sababu ya kilio: katika An die Musik, wimbo wa Schubert, alishindwa kumaliza maneno ya mwisho, Ulanowsky akaendelea na piano peke yake. Ukilisikia kabla ya kuizoea sauti yake, utabaki na machozi tu, na nyimbo nyingine za jioni ile zitakupita. Zinastahili zaidi ya hapo.

Tafuta pia filamu za madarasa yake ya Santa Barbara, alikofundisha baada ya kustaafu. Grace Bumbry, mwimbaji wa opera wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wake.