Maswali Yenu: Kijivu cha Kiingereza

Mwalimu, ipi ni sahihi, "gray" au "grey"?

Kila mwezi swali hili hurudi, na jibu ni lilelile. Marekani "gray", Uingereza "grey". Shule zetu hufuata Uingereza, kwa hiyo andika kwa e, na usichanganye zote mbili katika insha moja. Chai ya Earl Grey na mbwa wa mbio, "greyhound", hubaki na e hata Marekani.

Je, "dark grey" na "light grey" hazitoshi?

Zinatosha ukimwelekeza mtu gari la kupanda. Ukisimulia, hazitoshi. Sisi tulipata kijivu kutoka kwenye jivu. Waingereza nao huiita rangi kwa kitu chake. "Charcoal" ni makaa, karibu na weusi. "Slate" ni jiwe la vibao walivyoandikia wanafunzi zamani, kijivu kinachoelekea bluu. "Dove grey" ni njiwa, laini na hafifu. "Taupe" ni fuko kwa Kifaransa, kijivu chenye ukahawia ndani yake.

Kinachoniuma ni watu kukariri orodha bila kukijua kitu chenyewe. Nimesoma insha ambayo mawingu ya masika yaliitwa "taupe". Mawingu mazito Waingereza huyaita "leaden", kwa sababu ya risasi, ile metali nzito. Kama hujawahi kukiona kitu, usiazime rangi yake.

"Bluish grey" na "greyish blue" si kitu kimoja?

Si kimoja hata kidogo! Neno la mwisho ndilo rangi. Lenye "-ish" limeionjesha tu. La kwanza ni kijivu, la pili ni bluu. Ukiyageuza unapoagiza rangi ya ukuta, utapakiwa bluu, na fundi hatakuwa na kosa.

Bibi yangu ana mvi. Niandike "my grey grandmother"?

Hapana. Andika "grey-haired". Kiingereza hakina neno moja la kila siku kama mvi, ndiyo maana lazima nywele zitajwe. Ukisema uso wa mtu ni "grey", umesema anaumwa au amepatwa na hofu. Bibi hastahili hilo.

Kwa nini farasi mweupe huitwa "grey"?

Kwa sababu wengi wao huzaliwa na rangi nyeusi au kahawia, kisha manyoya hupauka mwaka hadi mwaka, ilhali ngozi chini hubaki nyeusi.

Natengeneza tovuti. Nimeandika "darkgray", ikatoka hafifu kuliko "gray". Nimekosea wapi?

Hujakosea. Orodha mbili za majina ya rangi ziliunganishwa bila kulinganishwa. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, ambapo 0 ni weusi, "gray" ni 128 na "darkgray" ni 169. Kilichokolea kuliko "gray" ni "dimgray", 105. Andika namba, achana na majina.