Mnara wa robine juu ya friji ya bia: ya kujua kabla ya kutoboa

Robine ikitoa glasi mbili za povu kabla ya moja ya kunywa, anayeanza hukimbilia kununua robine nyingine. Ikishindikana, anabadilisha tiyo (mpira unaopitisha bia). Ikishindikana tena, anashusha gesi inayosukuma bia mpaka bia inalala kwenye glasi kama maji ya mchele. Robine haina kosa. Bia inapata joto ndani ya mnara, yaani nguzo yenye uwazi inayosimama juu ya friji na kushika robine, sentimita 40 za mwisho kabla ya glasi.

Bia iliyolala kwenye kipande hicho ni kidogo sana, kama mililita 7, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Lakini tiyo yenyewe, shingo ya robine (bomba fupi la nyuma yake) na robine vyote vimeshika joto la chumba. Bia baridi ikivigusa, gesi yake inafumuka, na povu la kwanza linavuta povu lingine nyuma yake. Kwa hiyo mnara uuhesabu kuwa shingo ya friji, usiufanye pambo la kuweka juu yake. Ubaridi ufike hadi mgongoni mwa robine. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Anza na friji, na uipime kwa ndani. Kegi (pipa la chuma la bia linalokaa ndani ya friji) ndogo ya lita 19 ina kipenyo cha sentimita 22 hivi na kimo kinachozidi 60 kidogo. Acha nafasi ya sentimita 8 juu yake kwa ajili ya viungio na tiyo zinazopinda. Kegi za kiwanda, za lita 30 au 50, zinataka kichwa maalumu kinachokubaliana na vali yake. Vichwa hivyo viko vya aina nyingi na havibadilishani, basi usiagize chochote kabla hujaiona vali kwa macho yako. Kama ulicho nacho ni kongelateri (friza) ya kulala, kusema kweli huhitaji mnara. Piga fremu ya mbao za sentimita 5 kwa 15, ikae kati ya sanduku na mfuniko, robine zipite kwenye mbao hiyo moja kwa moja. Bia haitoki kwenye ubaridi kabisa, na hutoboi bati hata kidogo. Utahitaji tu kidhibiti joto cha nje, la sivyo kongelateri itaigandisha bia.

Wanaobaki na friji ya kusimama ndio wanaohitaji mnara, na kwenye kutoboa ndipo friji nyingi zinapokufa. Ndani ya kuta za friji hupita mirija ya gesi ya kupozea. Kwenye friji nyingi za sasa iko ubavuni, na katika baadhi inapita juu pia. Soma kibandiko cha nyuma: ukikuta R600a, gesi hiyo inawaka moto, na cheche ya drili inatosha. Mirija utaipata kwa njia rahisi isiyo na gharama. Koroga maizena na alkoholi ya duka la dawa mpaka iwe kama uji mwepesi, paka juu ya friji safu nyembamba, kisha washa friji ikiwa na joto ndani ili mota ifanye kazi bila kupumzika. Palipo na mrija moto patakauka kwanza na kuwa peupe, mstari mzima utauona ukijichora. Weka alama kwa kalamu, futa, na ukae angalau sentimita 4 mbali na mstari huo.

Sasa chomoa friji kwenye umeme. Tumia msumeno wa duara wa milimita 68, ule mafundi umeme wanaotobolea nafasi za soketi. Kata bati la juu tu, halafu simamisha drili. Sponji ya ndani ichimbe kwa mkono, kwa kijiko au bisibisi butu, pole pole, ukipapasa kila hatua. Ukigusa kitu kigumu kama waya mnene, acha, usikilazimishe, sogeza tundu. Ukifika kwenye plastiki ya ndani, safisha ukingo, uitazame kwa tochi, ndipo umalizie kwa msumeno. Kazi hii ni ya nusu saa. Anayeimaliza kwa dakika mbili ana bahati, hana ufundi.

Mbona tundu kubwa hivyo, wakati tiyo ya bia ni nyembamba? Kwa sababu hewa baridi inatakiwa kupanda na kurudi, na hilo tutalifikia.

Mnara wenyewe unaweza kuwa wa kitu chochote kigumu, maana bia haiugusi. Wengi huanza na bomba la PVC la milimita 110 kwa kuwa liko kila duka la vifaa Birere, hapa Goma. Linafaa, ila lina mgongo wa duara: ukikaza nati ya robine, raba inakaa upande mmoja, na baada ya wiki robine inazunguka mkononi. Lazima uchonge vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi, kimoja ndani na kimoja nje. Kwa bei karibu na hiyohiyo, sudere (fundi wa kuchomelea) atakukatia bomba la chuma la mraba, sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 2, na kulichomelea bamba la chini la sentimita 15 kwa 15 lenye matundu manne ya bolti za milimita 8. Uso bapa, hakuna hesabu. Kama utalivika mbao, mbao ya libuyu iliyokauka inatulia. Mbao ya mkaratusi iliyokatwa juzi itapinda na kufungua pembe.

Urefu wa sentimita 38 unatosha. Tundu la robine likae sentimita 30 kutoka kwenye bamba. Mdomo wa robine unashuka kama 7 chini ya hapo, sinia ya matone inakula 2, zinabaki 21 za glasi. Watu hujenga mnara mrefu kwa ajili ya macho, na kila sentimita waliyoongeza wanailipa kwa povu.

Juu ya friji ni bati jembamba lililolalia sponji, na mtu akivuta mkono wa robine anavuta kama wenzo. Weka ubao wa tripleksi (plaiwudi) wa milimita 18 chini ya bamba, na upande wa ndani wa friji weka bamba jingine dogo au washa pana (pete ya bolti), bolti zipite zote. Kati ya bamba na tripleksi tandika raba, ili ubaridi usishuke kwenye chuma na kukutolea jasho. Rangi ipakwe nje tu, na mnara ukae juani siku tatu au nne kabla ya kuufunga. Harufu ya rangi ikibaki ndani, feni itaizungusha friji nzima, na tiyo ya plastiki inapitisha harufu.

Kwenye robine na shingo yake usibane fedha. Nunua inoksi (chuma kisichoshika kutu). Zile za shaba zilizopakwa kromu hung'aa mwaka wa kwanza, halafu kromu inalika na bia, ambayo ina uchachu, inaanza kulamba shaba. Ladha ya sarafu mdomoni ndiyo hiyo. Chagua robine inayofunga mbele, karibu na mdomo. Zile zinazofunga nyuma huacha bia kidogo ikauke ndani, na nyumbani, ambako siku tatu zinaweza kupita bila kumwaga, utaikuta imeganda kama gundi. Shingo fupi ya sentimita 5 hivi inatosha, yenye kiungo cha nyuma kilichopinda kwenda chini, ili tiyo isikunjike ikageuka kizuizi. Pima unene wa shingo kabla ya kutoboa. Nyingi zinataka tundu la milimita 22 hadi 23, lakini usichukue neno la muuzaji wala letu: kalipa (kifaa cha kupimia unene) ndiyo shahidi.

Hewa baridi inapandishwa na feni ndogo ya volti 12, ya aina ya kompyuta, ikiwezekana ile inayopuliza kwa mdomo mmoja. Ifunge ndani ya sanduku dogo la plastiki, chini kabisa ndani ya friji, kwenye hewa baridi zaidi, na utoe tiyo laini ya milimita 25 hadi 32 kwenda juu mpaka ibakize sentimita 5 kufika kwenye kifuniko cha mnara. Hewa inatoka pale juu nyuma ya robine na kurudi chini yenyewe kupitia nafasi iliyobaki, ndiyo maana ya tundu la 68. Feni hii inakula wati 2 hivi, kwa hiyo betri ya sola inaibeba usiku kucha hata umeme ukikatika. Kuta za ndani za mnara zivike sponji nyeusi ya mabomba, ile yenye vitundu vilivyofungwa. Sponji ya godoro inanyonya unyevu, na baada ya mwezi mnara utanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Ukitaka kuongeza, pitisha tiyo ya bia ndani ya kipande cha bomba la shaba kinachoanzia ndani ya friji mpaka juu; shaba inabeba ubaridi, na hapa haiigusi bia.

Tiyo ya bia iwe ya chakula, tundu la ndani milimita 5 hivi, na uanze na mita 3. Usidanganywe na ile tiyo nyeupe ya waashi ya kupimia usawa: ni pana mno, na inaachia ladha ya plastiki. Upana ndio unaoleta balaa zaidi. Tiyo nyembamba inapunguza kasi ya bia kidogo kidogo hadi ifike kwenye robine ikiwa imetulia. Tiyo pana inaifikisha na nguvu zake zote, na nguvu hizo zinageuka povu.

Gesi ya kusukuma bia (CO2) ina hesabu yake ya Goma. Majedwali mengi unayoyakuta yameandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Mji uko mita 1,500 hivi juu, na hewa yake inakandamiza kwa bar 0.84 au 0.85 tu, si 1.01. Saa ya detanderi (kidhibiti shinikizo kinachofungwa kwenye mtungi wa gesi) inapima tofauti kati ya gesi na hewa ya nje, kwa hiyo ukifuata jedwali vilevile lilivyo utapata bia iliyopoa makali. Ongeza bar 0.17. Bia ya kawaida kwenye nyuzi 3 hadi 4, inayotaka bar 0.8 pwani, hapa iweke 0.95 hadi 1. Lubumbashi, mita 1,200 hivi, nyongeza ni kama 0.14. Kisha subiri: kwa shinikizo hilo bia inachukua wiki moja hadi mbili kushiba gesi. Kutikisa kegi kunaharakisha, ila kunaleta fujo yake. Na kegi iliyofika juu ya chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) ikirukaruka kwenye mawe ya volkano, ilaze kwenye ubaridi siku nzima kabla ya kuifungua.

Detanderi nenda nayo mkononi unapotafuta mtungi. Mitungi yenye uzi wa Ulaya na ile yenye uzi wa Marekani haiingiliani, na adapta mbovu ni mlango wa gesi. Saa ya upande wa mtungi haikwambii kilichobaki: maadamu kuna CO2 ya majimaji ndani, sindano inasimama karibu na bar 57 kwenye nyuzi 20, halafu inaanguka ghafla. Mzani ndio unaosema kweli. Kegi ya lita 19 inakula kama gramu 160, kushibisha na kusukuma pamoja, hivyo mtungi wa kilo 5 ungeweza kutosha kegi 30 kama hakuna kinachovuja. Ukiisha baada ya kegi 6, kuna kiungo kinapumua. Paka maji ya sabuni kila kiungo, hasa palipo na kolye (kibano cha tiyo), na utazame dakika nzima, si sekunde tatu.

Mazuku anayajua kila mtoto wa hapa: gesi nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi kabla ya kuua mtu. Iliyo kwenye mtungi wako ni hiyohiyo. Kilo 5 zikitoka zote, katika hewa ya Goma zinajaza zaidi ya mita 3 za ujazo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina ujazo wa 22.5. Hiyo ni zaidi ya sehemu 13 katika 100, na kuanzia 10 mtu anazimia kwa dakika chache. Mtungi usikae kwenye stoo iliyofungwa wala chumba wanacholala watu sakafuni. Ufunge kwa mnyororo ukiwa wima, mlango uwe na upenyo chini, na ukienda safari funga vali.

Siku ya kwanza, acha feni ifanye kazi saa mbili, kisha fungua robine mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Robine iliyofunguliwa nusu inatengeneza povu hata kama kila kitu kiko sawa. Glasi ya kwanza ikiwa povu na ya pili ikawa nzuri, joto bado liko mnarani. Zote zikiwa povu, pima bia iliyo kwenye glasi: ikizidi nyuzi 5, friji haijapoa, ikiwa 4, tiyo ni fupi au bia imeshiba kupita kiasi. Bia ikitoka polepole mno bila povu, kata sentimita 20 za tiyo, jaribu, kata tena. Kuongeza huwezi.

Safisha tiyo kila wiki mbili kwa dawa ya magadi ya vyombo vya bia, suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni, na robine uifungue vipande. Javeli (maji ya klorini) isiguse inoksi. Inaitoboa vitundu usivyoviona. Na kwa wanaouliza kuhusu kasiksi (pombe ya ndizi): inapita, ikiwa imemaliza kuchachuka na kuchujwa kwa kitambaa mara mbili. Isipochujwa, mashapo yataziba tiyo ya milimita 5 kabla wageni hawajamaliza raundi ya kwanza.