Je, aliyelipa deni "ametumia" pesa?

SWALI: Natafsiri habari za uchumi. Nimeandika: "Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilitoa msamaha wa kodi ili walaji watumie pesa, lakini wengi hawakuzitumia, walilipa madeni." Mhariri anasema sentensi inajipinga. Kosa liko wapi?

JIBU: Liko kwenye "kutumia". Kwa Kiswahili pesa ikishatoka mfukoni imetumika, iwe imekwenda sokoni au kwa mdai. Pesa ya matumizi inayoachwa nyumbani hulipa pia deni la dukani. Hata bajeti ya Tanzania huingiza malipo ya deni la serikali ndani ya matumizi ya kawaida. Mwanauchumi akitaja matumizi ya kaya, anahesabu bidhaa na huduma zilizonunuliwa tu. Kurejesha mkopo hakumo.

Na hiyo ndiyo roho ya habari yako. Sheria iliyosainiwa Februari 2008 iliwapa Wamarekani wengi hadi dola 600 kwa mtu, 1,200 kwa wanandoa, ili maduka yapate wateja. Aliyepunguza deni la kadi ya mkopo hakutoa kitu rafuni, ingawa hela yake imekwisha. Ukisema "hawakuzitumia", msomaji ataona noti zimelala kabatini.

Tumia kauli ya kutendea, inayoonyesha pesa ni chombo cha kazi gani, kama kisu cha kukatia: "Serikali ilitoa fedha za kununulia bidhaa, wengi wakazifanya za kulipia madeni." Usichanganyikiwe na "kulipia": tunalipa deni na tunalipia bidhaa, lakini fedha yenyewe ni ya kulipia deni.

"Msamaha wa kodi" nao uondoe. Msamaha ni kutodaiwa. Hapa watu walipelekewa hundi au waliwekewa fedha benki. Hata baadhi ya wasiodaiwa kodi ya mapato walipata dola 300, mradi walikuwa na kipato cha angalau dola 3,000. "Marejesho ya kodi" ni afadhali, japo kwa hao wa mwisho hakuna kilichorejeshwa. Ukiwataja, sema "malipo ya serikali". "Mlaji" libaki. "Mtumiaji" pia ni sahihi, ila kando ya "kutumia" linaongeza utata.

Tahadhari moja ya takwimu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu fedha hizo, kama mtu mmoja kati ya watano alisema zingemfanya hasa aongeze manunuzi. Wengine walitaja akiba au madeni, na wa madeni ndio waliokuwa wengi zaidi. Wanaohesabiwa hapo ni watu, si dola. Ukiandika "asilimia 20 ya fedha zilitumika madukani", umebadilisha matokeo: anayesema hasa atalipa deni anaweza bado kununua viatu kwa kilichobaki. Andika: "Mmoja kati ya watano alisema fedha hizo zingemfanya hasa aongeze manunuzi."