Choki inasoma omu 11,000 asubuhi, mchana inasoma hasi: mashine haina kosa

SWALI: Kamwene fundi. Mimi ni fundi wa redio za mawasiliano hapa Mafinga. Nimetengeneza choki kwa kebo ya RG-58, mizunguko 12 kwenye pete ya FT240-43, ili kelele za inverta ya sola zisipande kwenye antena yangu ya megahezi 7. Naipima kwa NanoVNA, kile kimashine cha kupimia antena na saketi za redio, mlango wa kwanza. Juzi ilisoma omu 4,200, jana asubuhi 11,000, mchana ikaleta ukinzani hasi. Kila mara nakalibreti (naisawazisha kabla ya kupima) kwa vile vipande vitatu vilivyokuja na mashine. Fundi mmoja kaniambia chipu imechoka, nimpe 60,000 aiflashi (aiwekee programu mpya), na nikipata hela ninunue mashine kubwa. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene. Kwanza usimpe mtu mashine yako. Iko sawa.

Kinachonichosha ni hilo neno "nakalibreti". Karibu kila anayeniletea namba za ajabu huanza nalo, kana kwamba ukishafunga vile vipande vitatu, chochote kitakachotokea kwenye kioo ni kweli tupu. Kalibresheni inarekebisha makosa ya mashine na kebo, na yenyewe ina mpaka wake. Njia ya kupima ikiwa haifai kwa kitu unachokipima, kalibresheni haitaigeuza iwe njia nzuri.

Tazama hesabu. Mashine hiyo haipimi omu. Inatuma ishara, inaangalia kiasi gani kimerudi, halafu inakokotoa omu kutokana na hicho kilichorudi. Kitu cha omu 50 hakirudishi chochote. Cha omu 5,000 kinarudisha 0.980 ya kilichotumwa, na cha omu 10,000 kinarudisha 0.990. Yaani ukiongeza impidansi (hizo omu za kuzuia ishara ya redio) mara mbili, mashine inaona badiliko la sehemu moja tu katika mia. Sasa chukulia imekosea kwa hiyo hiyo 0.01. Penye omu 50 utasoma 49 au 51 na wala hutashtuka. Penye omu 5,000 kosa hilo hilo litakupa chochote kati ya 3,300 na 10,150. Na kosa likisukuma jibu kupita moja kamili, mashine inaamini kimerudi kingi kuliko kilichokwenda, ndipo inapokuandikia ukinzani hasi. Ni sawa na kutaka kujua uzito wa paka kwa kumpandisha juu ya lori la magogo kwenye mizani ya Makambako. Mizani ni nzima, ila paka hawapimwi hivyo.

Na hiyo 0.01 haitafutwi mbali. Umekalibreti asubuhi baridi ya Mafinga imekaza, mashine haijapata joto. Mchana chumba kimebadilika na mashine imebadilika nacho. Umefungua soketi ya SMA, ile ndogo ya skrubu, ukaifunga tena, haikukaza vilevile. Umeinamisha kebo. Kila kimoja kinaongeza chake.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni kabisa. Ukipima kwa mlango mmoja, kapasitansi (uwezo wa vitu viwili vilivyo karibu kupitisha ishara bila kugusana) yote ya waya zako, klipu na soketi inakaa sambamba na choki. Pikofaradi moja tu (ndicho kipimo cha kapasitansi), ambayo unaipata kwa kuacha vipande viwili vya waya karibu karibu, penye megahezi 7 ni sawa na omu 22,700. Mbili ni omu 11,400. Ukifika megahezi 28 hiyo pikofaradi moja imeshuka hadi omu 5,700, karibu sawa na choki yenyewe, na hapo huwezi tena kujua unachopima ni choki au ni klipu.

Dawa ni kupima kwa milango yote miwili, yaani S21: sehemu ya ishara inayotoka mlango wa kwanza ikafika wa pili. Choki ikae katikati kama daraja: ncha moja kwenye pini ya kati ya mlango wa kwanza, ncha nyingine kwenye pini ya kati ya mlango wa pili, na ardhi za milango yote miwili ziungane moja kwa moja. Kwa choki ya kebo ya koaksi kama hiyo RG-58 yako, kila ncha unganisha waya wa kati na wavu wake, kwa sababu unachotaka kujua ni mkondo unaotambaa nje ya kebo. Ishara ya redio yako inayopita ndani haikuhusu hapa. Halafu omu zinapatikana hivi: gawanya moja kwa S21, toa moja, zidisha kwa 100. Choki ya omu 5,000 itakupa S21 ya 0.0196, ambayo ni desibeli −34. Ukikosea asilimia moja kwenye S21, umekosea asilimia moja kwenye omu, basi. Na ile kapasitansi ya kwenda ardhini sasa imekaa juu ya mlango wa omu 50. Omu 22,700 sambamba na 50 hazisumbui mtu. Inayobaki kukuumiza ni ile inayoruka kutoka ncha hadi ncha tu.

Kwa hiyo hangaika na kibao cha kupimia. Chukua kipande cha bodi ya shaba, unga juu yake soketi mbili za SMA kwa risasi, acha nafasi ya kutosha choki tu. Kalibreti huku pini mbili za kati zimeunganishwa kwa kipande kifupi cha waya pale pale choki itakapokaa. Kisha ondoa waya huo uache wazi, utazame. Ukisoma desibeli −60 penye megahezi 7, una takriban pikofaradi 0.23 kati ya ncha na ncha, na kwa kazi hii hiyo ni sawa kabisa. Ukisoma −45, sogeza vitu au weka bati la ardhi katikati. Mwisho weka rezista ya kawaida ya omu 4,700. Ikisoma karibu na 4,700 kati ya megahezi 1 na 10, kibao kimepita mtihani. Isiposoma hivyo, usiguse choki kwanza. Mkono wako nao uwe mbali wakati wa kusoma, maana hata wewe una kapasitansi.

Programu ya NanoVNA-Saver inaweza kukokotoa hizo omu za S21 yenyewe, ila rudia mara moja kwa kalkuleta uone kama unaelewa kinachoendelea.

Sasa hawa wa kuflashi. Programu mpya haiwezi kufuta pikofaradi za klipu zako, na mashine ya milioni kadhaa ukiitumia kwa mlango mmoja itakusogeza mbele kidogo, halafu utakwama kwenye kibao kilekile. Kuna na wale wa njia ya mkato: wanapima choki kwa kimita cha maikrohenri, wanazidisha kwa 2π na megahezi. Mizunguko 12 kwenye pete yako ni takriban maikrohenri 155. Zidisha penye megahezi 28 upate omu 27,000. Ukweli uko mbali sana chini ya hapo. Feraiti ya aina ya 43, ambayo ndiyo pete yako, inapoteza nguvu yake kadiri megahezi zinavyopanda, na mizunguko yenyewe ina kapasitansi kati yao. Hata hivyo choki za "omu 20,000" zinauzwa mtandaoni kila siku, na ushahidi ni picha ya skrini. Mwenye picha muulize amepima kwa S11 (mlango mmoja) au S21, na akuonyeshe kibao kikiwa wazi kinasoma nini. Wengi huacha kujibu ujumbe. Hali ni hiyo hiyo kwa trapu za antena, kristali, na transfoma za 49 kwa 1 zinazopimwa kwa rezista ya omu 2,450: popote omu zinapofika maelfu, namba iliyosomwa kwa mlango mmoja ni ya kutiliwa shaka hadi mtu aeleze ameipataje.

Hiyo 60,000 tafuta atenueta (vipunguza ishara) mbili za SMA za desibeli 6, weka moja kila mlango kabla ya kukalibreti. Zinasaidia milango ifanane na omu 50 kweli. Usinunue za 20 ukidhani nyingi ni bora; utazika ishara ambayo tayari iko −34, ubaki unasoma kelele. Ukipata kati ya omu 4,000 na 6,000 penye megahezi 7, funga choki kwenye antena uende kazini. Usihangaike kama ni 5,000 au 5,400, kelele za inverta haziijui tofauti hiyo.